Uzi: Usaili wa wanaopendekezwa kuingia bodi ya shule ya sekondari ya kata. Tuwaulize nini, tuwapime vipi?

#1 KalamuYaKata

Wakuu, habari za jioni.

Kata nyingi huku kwetu Mwanza, Ilemela na Nyamagana, zikifika wakati wa kupendekeza majina ya bodi ya shule, kazi inaisha kwa dakika ishirini. Watu watatu wanakaa, wanaandika majina ya "wanaofahamika", majina yanapanda juu, barua zinarudi. Baada ya hapo shule inakaa na bodi ambayo akidi haitimii, na ikitimia wajumbe wanasaini muhtasari bila kufungua taarifa ya fedha.

Pendekezo langu ni kwamba kila jina lipite kwenye usaili mfupi kabla halijaandikwa. Nusu saa kwa mtu inatosha. Msiulize kabisa "maono yako kuhusu elimu", maana swali hilo kila mtu ana hotuba yake. Mpe karatasi mkononi, mpe kisa, halafu sikiliza anauliza nini. Kazi ya mjumbe wa bodi kwa sehemu kubwa ni kuuliza, kwa hiyo anayeuliza vizuri mbele ya jopo ndiye atakayeuliza vizuri mbele ya mkuu wa shule.

Utaratibu ninaoupendekeza:

Kwanza, kabla ya kumwita mtu yeyote, andikeni bodi iliyopo ina nani na inakosa nini. Chora jedwali: hesabu, ujenzi, afya, malezi ya wasichana, ulemavu, mzazi anayeishi mbali na shule. Mkikuta walimu wastaafu watano na hakuna hata mmoja anayejua kusoma BOQ (orodha ya vifaa na gharama za ujenzi) ya darasa, mnajua mnatafuta nani.

Pili, tangazo la siku 14. Libandikwe ofisi ya kata na ofisi zote za mitaa, lisomwe misikitini na makanisani, na kwa shule za kandokando ya ziwa lifike mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki. Mbao za ofisi peke yake zinawapata wale wale wanaopita ofisini.

Tatu, fomu ya ukurasa mmoja: jina, mtaa, simu, kazi, ana mtoto shuleni au hana, siku na saa anazopatikana, vikundi alivyowahi kuongoza, wadhamini wawili. Msidai wasifu wa kurasa nne. Mtunza hazina mzuri wa kikoba hana wasifu uliochapwa.

Nne, jopo la watu watatu au watano, na angalau mmoja asiwe na uhusiano wowote na shule. Dakika 30 kwa mtu: 5 za kumkaribisha na kumweleza kazi, 12 za karatasi, 10 za visa na maswali, 3 za yeye kuuliza. Wasizidi wanane kwa siku. Wa tisa na wa kumi wanapewa alama na watu waliochoka.

Naomba michango, hasa kwenye maswali yenyewe.

#2 BuhongwaKwetu

Mkuu, ni lazima kisheria? Isije tukaweka usaili halafu mtu akapinga kwamba tumejitungia utaratibu.

#3 MzeeWaVikao

@BuhongwaKwetu Swali zuri. Sheria ya Elimu, Sura ya 353, inataka shule ya sekondari iwe na bodi na shule ya msingi iwe na kamati. Usaili tunaouzungumzia hapa haumteui mtu. Unazalisha mapendekezo, na uteuzi unabaki kwa mamlaka inayotoa barua. Sentensi hiyo iandikwe juu kabisa ya fomu na isomwe kwa kila msailiwa anapokaa kwenye kiti, la sivyo atatoka pale akatangaze mtaani kwamba ameshapita.

La pili, msiite "usaili wa kazi". Ujumbe wa bodi si ajira na hauna mshahara. Mtu akiuliza posho mjibuni waziwazi mapema: nauli ya kikao ikipatikana ni kwa utaratibu uliopo, na miezi mingine haitapatikana. Wanaokuja kwa ajili ya posho wengi hujitoa hapo hapo, nanyi mmeokoa miaka.

#4 HesabuSafi

Nakazia hoja ya karatasi. Naweka mfano kamili, wenye kuutaka auchukue. Shule ni ya kubuni, ila viwango ni vile vya elimu bila malipo: ruzuku ya uendeshaji kwa mwanafunzi wa sekondari ni shilingi 25,000 kwa mwaka, nusu yake, 12,500, ikienda shuleni na nusu ikibaki kwa ajili ya vitabu. Fidia ya ada, ile serikali inayolipa badala ya mzazi, kwa shule ya kutwa ni 20,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka.

Karatasi ya kwanza ni ya maelezo: "Shule ya kutwa, wanafunzi 640. Ruzuku 12,500 na fidia ya ada 20,000 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Hii ni taarifa ya miezi mitatu."

Karatasi ya pili:

Salio anzia 1,240,000
Ruzuku ya uendeshaji 2,000,000
Jumla ya mapato 3,240,000

Karatasi na chaki 480,000
Ukarabati wa viti na meza, 40 kwa 15,000: 650,000
Umeme na maji 210,000
Mitihani ya ndani 720,000
Usafiri 350,000
Jumla ya matumizi 2,310,000
Salio 930,000

Mpe dakika saba asome, kalamu na kikokotoo cha simu viruhusiwe. Halafu muulize swali moja tu: "Ungekuwa kwenye kikao, ungeuliza nini?" Usimwambie kuna makosa.

Kuna mambo matano humo. 40 mara 15,000 ni 600,000, si 650,000. Matumizi yaliyoorodheshwa ukiyajumlisha unapata 2,410,000, kwa hiyo jumla imepunguzwa laki moja na salio halisi lingekuwa 830,000. Usafiri wa laki tatu na nusu hausemi nani alikwenda wapi kufanya nini. Hakuna salio la benki la kulinganisha na salio la kwenye karatasi. La tano ndilo zito: ruzuku imeingia sawasawa (640 mara 12,500 ni milioni 8 kwa mwaka, robo yake milioni 2), lakini fidia ya ada haionekani kabisa, na kwa robo mwaka ingekuwa milioni 3.2.

Anayeona makosa mawili ya hesabu ni mzuri. Anayeuliza "fidia ya ada iko wapi?" mshikeni. Ametazama kitu ambacho hakipo kwenye karatasi, na fedha za shule hupotelea hapo mara nyingi kuliko kwenye kujumlisha.

Kosa la majopo mengi ni kugeuza zoezi hili mtihani wa hesabu. Mtu akikosea kujumlisha lakini akasema "hii usafiri naomba nione kibali cha safari na risiti za mashine ya EFD", huyo ameshinda.

#5 MamaMwaloni

Kaka HesabuSafi, karatasi yako ni nzuri lakini itawakata watu wanaohitajika. Shule zilizo Igombe, Kayenze na kandokando huko, wazazi wengi ni wa dagaa na sangara. Mama anayekausha dagaa anajua kupimiwa, anajua kudhulumiwa kwenye mzani, na hajawahi kushika taarifa yenye "salio anzia". Mkimwekea karatasi hiyo peke yake ataonekana hafai, kumbe shughuli ya chakula cha wanafunzi hakuna wa kumdanganya.

Wekeni zoezi la pili, la stoo. Mtu achague moja kati ya mawili. Mfano:

Wanafunzi 500 wanakula mchana siku 20 za mwezi. Kipimo kilichokubaliwa na wazazi ni gramu 150 za unga na gramu 50 za maharage kwa mwanafunzi. Hapo unga ni kilo 75 kwa siku, kilo 1,500 kwa mwezi, yaani magunia 15 ya kilo mia. Maharage kilo 25 kwa siku, kilo 500 kwa mwezi, magunia matano. Mnamsomea kwa sauti kwamba leja inaonyesha yamenunuliwa magunia 22 ya unga na manne ya maharage, stoo iko tupu, na wanafunzi wanasema maharage ni maji matupu. Angeuliza nini?

Majibu mnayoyatafuta: yalipimwa au yalihesabiwa magunia tu? Nani alipokea, na alisaini peke yake? Watoto walikula siku ngapi kweli? Gunia lilikuwa la kilo mia au lumbesa, lililojazwa kupita kipimo? Akigusa suala la kununua kwa kilo badala ya gunia, andikeni alama zote.

Mkiweka dagaa kwenye menyu, ongezeni swali moja: "Mzabuni ameleta dagaa kwa bei ya chini kuliko wengine, utaangalia nini kabla hujasaini?" Mtu wa ziwani atawajibu bila kufikiri: wameanikwa kwenye chanja au mchangani. Waliolala mchangani wana uzito wa mchanga, watoto wanatafuna changarawe, na kilo kumi ulizolipia si kilo kumi za dagaa.

#6 KalamuYaKata

Mama, wabeja sana. Nakubali, mazoezi yawe mawili na msailiwa achague. Kwenye bodi moja tunahitaji aina zote mbili za watu.

Naongeza kuhusu lugha. Mtu akijieleza kwa Kisukuma au Kikerewe sehemu ngumu, aruhusiwe, ilimradi kwenye jopo kuna anayesikia. Kiswahili cha ofisini kinawapa alama wasiostahili.

#7 MamaMwaloni

Na saa. Mkiita watu saa tatu asubuhi, wanawake wa dagaa hamtawapata, maana asubuhi ndiyo wanapokea mzigo na kuanika. Alasiri kuanzia saa tisa, dagaa wakishageuzwa, wanakuja. Wavuvi wa dagaa wanafanya kazi usiku wa giza kwa taa, mbalamwezi ikiwa kubwa wengi wanapumzika. Angalieni mwezi angani kabla ya kuandika tarehe kwenye tangazo. Zile siku za mwezi mpevu mtawapata wanaume ambao siku nyingine zote mnawaita "hawajitokezi". Kwa upande wa Magu, Misungwi na Kwimba, epukeni wiki za kupanda mvua zikianza.

#8 Mchunguzi_Mkolani

Mgongano wa maslahi haujaguswa, na ndio unaobomoa bodi nyingi.

Ukiuliza "Je, una mgongano wa maslahi na shule hii?" utapata "hapana" kutoka kwa watu wote, hata waaminifu, kwa sababu swali linasikika kama tuhuma. Lipasueni vipande vya kawaida:

Nani nyumbani kwenu anauza kitu chochote ambacho shule inanunua, yaani vifaa vya ofisi, mahindi, maharage, kuni, sare, mchanga, kokoto?
Kuna ndugu yako anayefundisha au kufanya kazi pale?
Una lori, mashine ya kufyatua tofali, au fundi mnayeshirikiana naye?
Shule inadaiwa na wewe, au wewe unadaiwa na mtumishi wa shule?
Eneo la shule linapakana na kiwanja chako?

Hilo la mwisho linaonekana dogo mpaka siku ya kuweka mipaka. Kwenye vilima vyetu vya mawe, mita tatu za ardhi tambarare ni ugomvi wa miaka.

Kuwa na duka la vifaa hakumwondoi mtu moja kwa moja. Swali linalofuata ndilo la kupima: "Siku bodi inajadili kununua karatasi, utafanya nini?" Anayesema "nitawapa bei nzuri" hajaelewa. Anayesema "nitasema mapema na nitatoka nje" ameelewa. Majibu ya maswali hayo aandike na asaini, karatasi ikae kwenye faili la bodi. Miaka miwili baadaye ikiibuka kwamba mzabuni wa maharage ni shemeji yake, hakuna ubishi wa "hamkuniuliza".

#9 BuhongwaKwetu

Mkuu wa shule akae kwenye jopo au asikae? Yeye ni katibu wa bodi, atafanya kazi na hawa watu.

#10 MzeeWaVikao

Akae, asitoe alama. Bodi inamsimamia yeye. Msimamiwa hawezi kumchagua msimamizi wake kwa alama. Ila anajua hali ya shule kuliko yeyote, kwa hiyo atoe takwimu, ajibu maswali ya wasailiwa, aandike muhtasari, na jopo likianza kujumlisha alama atoke.

#11 HesabuSafi

Hapa napingana na mzee kidogo. Hata kukaa tu kuna madhara. Msailiwa mwenye mtoto kidato cha nne hawezi kusema "usafiri huu una walakini" huku mkuu wa shule anamtazama. Awepo dakika tano za mwanzo kueleza shule, kisha apishe. Maswali ya mwisho ya msailiwa yaandikwe, mkuu ayajibu baadaye.

#12 MzeeWaVikao

Hoja ya mtoto kidato cha nne sikuwa nimeipima. Nakubali: aeleze shule kwa wasailiwa wote kwa pamoja mwanzoni, mara moja, kisha aende zake. Mtu mwingine wa kata aandike muhtasari.

#13 Dada_Ustawi

Naomba visa vya watoto visiachwe mwisho kama nyongeza. Bodi inagusa maisha ya mtoto kwenye mambo ya nidhamu na kurudi shule kuliko kwenye rangi ya madarasa. Visa vitatu, msailiwa apewe viwili kati ya hivyo, na kila mmoja apewe vile vile.

Kisa cha kwanza. Mzazi anakuletea picha ya mgongo wa mtoto wenye alama za viboko. Utafanya nini leo, na utafanya nini kwenye kikao? Jibu linalofaa linaanza na mtoto: atibiwe, na kama ameumizwa polisi wahusike, PF3 (fomu ya polisi ya matibabu) itolewe. Kisha mwenyekiti ajulishwe, na kitabu cha adhabu kiombwe. Kanuni za viboko za 2002 zinataka adhabu itolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyempa idhini kwa maandishi, isizidi viboko vinne, na iandikwe kitabuni. Si lazima msailiwa azijue kanuni kwa kichwa. Mnachosikiliza ni kama anatafuta kumbukumbu na utaratibu, au anakimbilia moja ya ncha mbili mbaya: kwenda darasani kumfokea mwalimu, au kumwambia mzazi "yamalizeni nyumbani".

Kisa cha pili. Msichana aliyekatiza masomo kwa ujauzito anataka kurudi, na wazazi wengine wanasema ataharibu wenzake. Tangu Novemba 2021 serikali iliondoa kizuizi hicho, hivyo mjadala wa kama anaruhusiwa umekwisha. Mpimeni kwa hatua: nani anazungumza naye, atakaa kidato gani, mtoto mchanga anabaki na nani saa za masomo, na nani anawanyamazisha wanaomcheka. Msailiwa anayetumia dakika zote kumhukumu binti, hata kwa upole, alama yake ni sifuri.

Kisa cha tatu. Mwanafunzi amerudishwa nyumbani kwa sababu hajatoa mchango wa chakula. Mchango ni wa hiari na wa makubaliano ya wazazi, mtoto hafukuzwi kwa ajili yake. Lakini stoo nayo haijijazi yenyewe. Anayejibu "asirudishwe" na kuishia hapo ametoa nusu ya jibu. Mwulizeni: wale wasioweza kabisa utawatambuaje bila kuwaaibisha mbele ya wenzao?

Sauti inapopanda kwenye visa hivi msiikatize. Mtasikia mengi.

#14 FundiMiambaMawe

Kwenye ujenzi nina kipimo kimoja kinachotosha. Miradi mingi ya madarasa na matundu ya vyoo inakwenda kwa fosi akaunti, yaani shule inanunua vifaa na kutafuta mafundi yenyewe bila mkandarasi, na shule inaunda kamati ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi. Wajumbe wa bodi wanahusishwa kusimamia. Mchanga na kokoto vinaandikwa "tripu", na tripu haina kipimo.

Mwambieni msailiwa: lori limefika na mchanga, dereva anasema ni kyubiki tano, utajuaje? Jibu ni futi kamba. Urefu wa sanduku mara upana mara kimo cha mchanga. Sanduku la mita 3.5 kwa 2, mchanga umelala sentimita 60, hiyo ni mita za ujazo 4.2. Ukipokea tripu kumi kama hizo kwa jina la tano tano, umelipia mita 8 ambazo hazikushuka. Na apime kabla ya kumwaga, si baada, na aangalie kama katikati mchanga umebonyea wakati pembeni umejazwa.

Saruji: ahesabu mifuko ikishuka, na ahesabu mitupu jioni. Mitupu isipofanana na iliyotumika kwenye daftari, kuna mifuko imetoka kwa mlango mwingine.

Msitafute mhandisi. Tafuteni mtu atakayesimama juani na futi kamba.

#15 KalamuYaKata

Nimeanza kukusanya. Alama tuziwekeje? Nilifikiria asilimia mia.

#16 HesabuSafi

Usitumie mia. Hakuna anayejua tofauti ya 67 na 71. Tumia 0 hadi 3 kwa maeneo matano: zoezi la karatasi au stoo, kisa cha mtoto, maslahi, muda na mahudhurio, kufanya kazi na wengine. Jumla 15.

Maana ya kila alama iandikwe kabla. Kwa zoezi la karatasi: 0 hakuuliza chochote au alisifu taarifa, 1 aliona kosa moja, 2 aliona kosa na akataka ushahidi wake, 3 aliuliza kuhusu kilichokosekana.

Kila mjumbe wa jopo aandike alama zake kimya, kwa wino, kabla ya mtu yeyote kusema neno. Mwenyekiti aongee wa mwisho. Akitangulia yeye na kusema "huyu mama ni mzuri sana", alama nne zilizobaki ni zake. Alama zikipishana kwa 2 au zaidi kwenye eneo moja, jadilini eneo hilo tu, kila mtu aseme alisikia nini, siyo alijisikiaje.

Sifuri kwenye kisa cha mtoto au kwenye maslahi inamwondoa mtu hata akiwa na 12 kwingine. Hilo liamuliwe kabla ya siku ya usaili. Mkiliamua baada ya kuona jina la nani limepata sifuri, mmeshaharibu.

#17 Kisiwani_Ukara

Sisi wa visiwani tunasomaje uzi huu? Kumwita mtu kutoka kisiwa kidogo aje kwa usaili wa nusu saa ni siku nzima na nauli ya chombo, ziwa likichafuka analala huko.

#18 Dada_Ustawi

@Kisiwani_Ukara Jopo lisafiri. Watu watatu kwenda kwa wasailiwa sita ni nauli tatu badala ya sita, na mnaona wenyewe safari ambayo mjumbe ataifanya kila kikao. Ikishindikana, simu, lakini zoezi lisomwe kwa sauti kwa wote, hata walio karibu, ili kipimo kiwe kimoja. Simu yenye mtandao unaokatika ikimnyima mtu alama, rudieni siku nyingine.

Na swali la mahudhurio liulizwe kwa uhalisia. Siyo "utahudhuria?" bali "kikao ni Alhamisi saa nne, utatoka nyumbani saa ngapi, utapanda nini, na nani atashika shughuli yako?" Mwenye mpango atakutajia chombo na saa. Hata upande wa Sengerema, ambako tangu Juni 2025 Daraja la Kigongo–Busisi limewaondolea watu kusubiri feri, swali libaki lile lile.

#19 Mchunguzi_Mkolani

Wadhamini wapigiwe simu kweli. "Ni mtu mzuri?" haina faida. Ulizeni: "Mkiwa naye kwenye kikundi, alikosa vikao vingapi mwaka jana? Alishika fedha? Alizirejesha na daftari? Alishawahi kukataa kusaini kitu?" Kwa aliyewahi kuwa mtunza hazina wa kikoba, SACCOS, kwaya au msikiti, mwombeni aje na daftari lenyewe. Daftari lenye kufutwafutwa na kurekebishwa kwa saini pembeni ni jema kuliko safi lililoandikwa jana usiku kwa kalamu moja.

#20 BuhongwaKwetu

Na vimemo? Mtu mkubwa akipiga simu kwamba fulani lazima awemo?

#21 MzeeWaVikao

Jibu liwe moja kwa wote: "Mheshimiwa, ajaze fomu, tarehe ya mwisho ni fulani, atasailiwa kama wengine." Simu hiyo iandikwe kwenye muhtasari kwa tarehe na saa. Vimemo hupungua vikijulikana kwamba vinaandikwa. Bahasha ikifika, huo si utaratibu wa usaili tena, ni jambo la TAKUKURU, wa kuzuia rushwa.

Kwa wenye nia ya udiwani, msiwafungie mlango, ila waulizwe: "Bodi ikiamua jambo lisilopendwa na wazazi, utalitetea hadharani au utasema ulipinga?" Uamuzi wa bodi ni wa bodi nzima.

#22 Dada_Ustawi

Kumbukumbu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo, na fomu hizi zina simu, ndugu na biashara za watu. Alama zisipigwe picha na kutupwa kwenye kundi la wazazi la WhatsApp. Nakala moja kwenye faili, bahasha imefungwa, anayeifungua asaini.

Kila aliyesailiwa apate jibu ndani ya siku saba, pamoja na aliyekosa, kwa barua au kwa simu ya mwenyekiti wa jopo. Aliyekosa kwa alama chache aambiwe yuko kwenye akiba, maana wajumbe huhama na wengine hufariki, na mkiwa na akiba hamuanzi upya.

#23 Ngwana_Kwimba

Shule za msingi je? Kamati yetu wawakilishi wa wazazi wanapigiwa kura mkutanoni, hakuna jopo.

#24 KalamuYaKata

@Ngwana_Kwimba Huko usaili ni wa wazazi wenyewe, na unaweza kufanyika pale pale chini ya mwembe. Kabla ya kura, kila mgombea asimame dakika tatu na ajibu maswali mawili yale yale, yaliyoandikwa kwenye bango kubwa: nani nyumbani kwako anauza kitu shuleni, na taarifa ya mapato na matumizi ikibandikwa ukutani utaangalia nini kwanza. Wengine wakae mbali wasisikie mpaka zamu yao ifike, vinginevyo wa mwisho anakariri majibu ya wa kwanza. Kura ziwe za karatasi. Za kunyoosha mkono, jirani anaangalia umemnyooshea nani.

Nimeziandika fomu, zoezi la fedha, zoezi la stoo na jedwali la alama kwenye kurasa nne. Anayetaka anitumie ujumbe wa ndani nimpe, abadilishe idadi ya wanafunzi na viwango vya chakula viendane na shule yake. Na makosa ya kwenye karatasi yabadilishwe kila mwaka, kwa sababu majibu yatazunguka mtaani ndani ya wiki moja.